Miaka 30 ya Serikali Iliyo Mlangoni

Mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lilipitisha sheria mbili zilizofuatana. Namba 3 ilikuwa ya Manispaa ya Zanzibar, yaani Mji Mkongwe, Ng'ambo na mitaa yake. Namba 4 ilikuwa ya halmashauri za wilaya na mabaraza ya miji, na hiyo ndiyo iliyotuhusu sisi wa Pemba. Imetimia miaka 30. Kengeja, iliyomo ndani ya Wilaya ya Mkoani, ina kila sababu ya kusherehekea, nasi tunasherehekea pamoja nayo kwa moyo mweupe.

Sherehe za namna hii zina mazoea yake. Jengo hupambwa, utepe hukatwa, mwenyekiti na mkurugenzi hupigwa picha. Hakuna ubaya. Lakini tukiulizwa ni kitu gani hasa cha kupewa heshima katika miaka yote hii, tutasema ni ujuzi ambao serikali ya chini inao na serikali ya juu haina: kujua nyumba ile anakaa nani, nani kazaliwa, nani kafariki, nani kaondoka na hajarudi, nani mwaka jana alikuwa na uwezo na mwaka huu hana. Ujuzi huo ni mtaji mkubwa kuliko ushuru wote wa soko. Ukishikwa kwa haki humlinda mnyonge, na ukishikwa kwa upendeleo humfungia mlango. Pemba imeyaona yote mawili.

Mkaazi wa Kengeja huifikia serikali kwa njia mbili. Yuko sheha wa shehia yake, ambaye huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya. Na yuko diwani, ambaye huchaguliwa na watu wa wadi yake kila baada ya miaka mitano na kwenda kuwasemea kwenye Baraza la Mji Mkoani. Sheha ni mtu wa tawala za mikoa, diwani ni mtu wa serikali za mitaa, na kila mmoja ana sheria yake: kwanza ile ya 1995 ya halmashauri na ile ya 1998 ya tawala za mikoa, kisha zile zilizokuja kuchukua nafasi zao mwaka 2014, Namba 7 na Namba 8. Wanasheria wana haki ya kuzitenga. Mama aliyetoka Kengeja kwa miguu na mtoto mgongoni hana haja ya kuzitenga. Anachotaka ni kukuta mlango uko wazi na mtu wa kumsikiliza yumo ndani.

Pita kwa sheha asubuhi ya siku ya kazi. Mama huyo ana kadi ya kliniki, anataka barua ya kwenda kumsajili mtoto. Kijana aliyemaliza Skuli ya Ufundi ya Kengeja amepata kibarua Unguja na anataka barua ya utambulisho. Watu wa harusi wamekuja kuombea ngoma ya Jumamosi, maana kibali cha ngoma nacho hupitia hapo. Mwingine ana magunia ya mazao ya kusafirisha. Na yuko mzee mwenye ng'ombe.

Habari ya ng'ombe inafaa kusimuliwa. Mfugaji anayetaka kumpeleka ng'ombe wake bandarini Mkoani avushwe kwenda Unguja, hasa Idd el Hajj ikikaribia, hatoki mtaani bila ya kibali. Sheha humuuliza: dume au jike, rangi gani, ana alama gani sikioni, kazaliwa zizini kwako au umemnunua, umemnunua kwa nani, na nani alikuwepo mlipouziana. Majibu huandikwa. Ikiwa muuzaji anakaa mtaa wa pili, huitwa akakaa barzani na kuthibitisha. Kazi yenyewe haimalizi hata nusu saa, lakini imebeba ulinzi mkubwa wa mali ya mtu maskini. Aliyeamka alfajiri akakuta zizi tupu ana pa kuanzia kuuliza, na mwizi analijua hilo kabla hajakata kamba.

Sheria ya 1998 iliorodhesha kazi za sheha, na ukiisoma unaona kwamba walioiandika waliujua mtaa. Aweke kumbukumbu za ndoa, talaka, uzazi na vifo. Atoe vibali vya ngoma, vya kusafirisha mifugo na mazao. Apokee taarifa za mikutano ya hadhara. Ajue wageni wanaoingia na kuhamia. Apatanishe watu waliogombana ndani ya familia na baina ya majirani, kwa kufuata mila na busara za mahali. Kwa hili la mwisho hakuachwa peke yake, bali aliwekewa baraza la ushauri la watu 12, wakiwemo wazee wa eneo lake na wanawake. Mume aliyemrudisha mke kwao kwa hasira, ndugu wawili wanaovutana mpaka wa mikarafuu aliyoiacha baba, mbuzi aliyekula mihogo ya watu: mambo haya humalizwa kwa maneno, kahawa na fatiha, yasifike polisi wala mahakamani. Hayaingii kwenye takwimu yoyote kwa sababu yamekwisha. Hiyo ndiyo sababu kazi hii haisifiwi inavyostahiki.

Kisha kuna siku ambayo ujuzi wa mtaa ulikuwa ndio pekee uliobaki. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Orodha ya abiria haikuweza kueleza ni nani waliokuwemo. Waliojua ni watu wa mitaani. Fulani aliaga kwamba anarudi na meli ya usiku. Fulani alimpigia simu mkewe akiwa bandarini Malindi, akasema kapata nafasi. Fulani alikuwa amekwenda kununua vitu vya duka na watoto wawili aliwachukua wakatembee. Nyumba kwa nyumba, shehia kwa shehia, majina yakatajwa, na hivyo ndivyo kisiwa hiki kilivyoujua ukubwa wa msiba wake. Karatasi za chombo hazikuwa na majina yale, lakini majirani walikuwa nayo. Mtu yeyote anayeuliza kwa nini tunahitaji ofisi ya serikali iliyo karibu kiasi cha kumjua mtu kwa jina la baba yake na la babu yake, ajibiwe kwa siku ile.

Siku za kawaida ujuzi huo hufanya kazi kimya kimya. Chandarua cha malaria huifikia nyumba kwa kuponi inayopitia kwa sheha. Ulipoanza utafiti mkubwa wa kutokomeza kichocho Zanzibar, mwanzoni mwa muongo uliopita, watafiti walichagua shehia 90, nusu Unguja na nusu Pemba, kwa kuwa hakuna kipimo kingine kilichoijua jamii kwa ukaribu ule: mto wanaooga watoto, skuli wanayosoma, nyumba zilizokosa choo. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini nao umetegemea mkutano wa shehia, ambapo watu husema mbele ya wenzao ni nani hasa aliyeshindwa. Hapo ndipo haki huonekana au hupotea. Akiandikwa mjane asiye na mtu wa kumsemea, kazi imefanywa. Akiandikwa jamaa wa mwenye cheo na mjane akaachwa, mtaa mzima unajua, na aibu yake haifutiki kwa mwaka mmoja.

Tugeukie Baraza lenyewe, kwa sababu watu wengi hulilaumu kwa makosa ambayo si yake. Bomba halitoi maji, diwani analaumiwa, na maji ni ya ZAWA. Umeme umekatika, diwani analaumiwa, na umeme ni wa ZECO. Ule waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliozinduliwa mwaka 2010 na kuwaondolea Wapemba shida ya majenereta, haukuwa mali ya wilaya. Karafuu hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, si halmashauri. Kilichobaki mkononi mwa Baraza ni soko, machinjio, taka, leseni za biashara, vituo vya gari, njia za ndani, usafi wa mji. Ni kazi ndogo kwa kuitaja, na ni kazi kubwa kwa kuishi nayo. Anayenunua samaki jioni Kengeja hana ugomvi na katiba. Anataka meza iliyooshwa, mtaro unaopitisha maji na kivuli juu ya kichwa cha muuzaji.

Mfuko wa kufanyia kazi hizo si mkubwa, na hutegemea karafuu hata pale ambapo karafuu si zake. Mwaka mikarafuu ikizaa vizuri, fedha huingia mikononi mwa watu, maduka hufunguliwa, leseni hukatwa, nyumba huezekwa upya. Mikarafuu ikikataa, biashara hulegea, na ushuru nao hulegea. Baraza hujikuta likisubiri ruzuku kutoka Unguja. Tunasema wazi kwamba chombo kilichochaguliwa na watu kisha kikaachwa kisubiri ruzuku kila kinapotaka kuzibua mtaro hakijapewa madaraka yake kamili.

Ndiyo maana tuliona uzito wa hatua iliyoanza katika mwaka wa fedha 2017/2018, pale Serikali ya Mapinduzi ilipoanza kushusha kwa serikali za mitaa elimu ya maandalizi na msingi, afya ya msingi na huduma za ugani wa kilimo. Kwa mara ya kwanza suala la mwalimu asiyetosha na kituo cha afya kisicho na dawa lilipata mtu wa karibu wa kuulizwa. Ugatuzi hauendi kwa waraka peke yake. Unataka wahasibu, wahandisi, maofisa mipango, na unataka fedha ziteremke pamoja na kazi. Zikiteremka kazi pekee, diwani huwa ameongezewa lawama. Lakini mwelekeo ulikuwa sahihi, na tunaendelea kuutetea kwa nguvu zetu zote, kwa sababu hesabu ya watu inaudai. Sensa ya 2012 ilikuta Pemba watu 406,848. Ya Agosti 2022 ikakuta 543,441. Katika miaka kumi tu wameongezeka watu zaidi ya 136,000, wengi wao watoto wa kutafutiwa darasa, chanjo na njia ya kupita masika. Haiwezekani kila darasa na kila daraja dogo liamuliwe ng'ambo ya bahari.

Uongozi wa karibu hakuuleta Mwingereza wala halikuuleta Bunge. Usheha ni wa kale kuliko serikali zote tulizoandikiwa vitabuni. Wakoloni waliukuta, wakaupanga chini ya mudiri katika mudiria zao. Mapinduzi ya 1964 yakaja na mfumo wake, kazi za mtaa zikawa karibu zote mikononi mwa chama na matawi yake. Katiba ya 1984 ikafungua tena mlango wa serikali za mitaa, na sheria za 1995 zikaja wakati vyama vingi vimesharudi. Kwa hiyo chombo tunachokipongeza leo kina damu ya zamani ndani ya sheria mpya, na pengine hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake.

Kilizaliwa katika mwaka mgumu. Oktoba 1995 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na Pemba yote, majimbo 21, ilikwenda kwa chama cha upinzani, CUF. Diwani akachaguliwa na watu, sheha akateuliwa na serikali, na mara nyingi wawili hao walitoka pande mbili ambazo hazikuwa zikizikana. Walioishi miaka ile wanakumbuka mitaa iliyogawika mpaka kwenye maziko. Januari 2001 damu ilimwagika Pemba katika maandamano na watu wakakimbilia Shimoni, Kenya. Mwaka 2009 uandikishaji wa wapiga kura ulizua malalamiko makubwa kisiwani kuhusu kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na katikati ya malalamiko alikuwepo sheha, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kusema huyu ni mkaazi na huyu si mkaazi. Ujuzi ule ule uliotufaa katika msiba wa meli ulionekana na wengi kuwa ni komeo la mlango. Kulisema hili katika siku ya sherehe si kuharibu sherehe. Tungelinyamazia, pongezi zetu zisingekuwa na thamani kwa mtu yeyote aliyekuwepo.

Na bado chombo hakikuvunjika. Muafaka wa Oktoba 2001 baina ya CCM na CUF ulifuatwa na maridhiano, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakakubali kwa kura ya maoni, zaidi ya asilimia 66, kuwa na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Viongozi wakubwa walipeana mikono mbele ya kamera. Mtaani hapakuwa na kamera. Kule maridhiano yalifanywa na masheha na madiwani walioanza tena kualikana, waliokaa safu moja kwenye hitima, waliokwenda pamoja kukagua mtaro uliofurika bila ya kuulizana chama. Kazi hiyo haikuandikwa na mtu. Tunaiandika leo ili ijulikane kwamba ilifanywa, na kwamba tunawashukuru walioifanya, walio hai na waliotangulia mbele ya haki.

Shukurani peke yake haimjengei sheha ofisi. Wengi wa masheha waliotumikia katika miaka hii 30 walifanya kazi hiyo sebuleni kwao au chini ya mwembe, daftari likihifadhiwa ndani ya sanduku moja na vyeti vya watoto wao. Paa likivuja, kumbukumbu za ndoa na vifo za mtaa mzima huloa. Ofisi yenye kabati linalofungika na umeme ni haki ya watu ambao majina yao yamo humo. Tunataka pia kuona wanawake zaidi wakikabidhiwa kazi hii. Pale walipokabidhiwa, mama mwenye shauri la nyumbani humweleza Bi Sheha mambo ambayo asingeyasema mbele ya mwanamume, na shauri linakwisha mapema.

Liko jingine ambalo tumelifikiri kwa muda mrefu. Uteuzi wa sheha usianze na kumalizikia kwa wakubwa. Mkuu wa Mkoa abaki na saini yake kama sheria inavyosema, lakini kabla ya saini watu wa shehia waitwe mkutanoni, wapendekeze majina, wayajadili mbele ya wazee wao, na majina hayo ndiyo yafike mezani. Anayeaminiwa kulishika daftari la watu wote ni lazima awe ameaminiwa na watu wote, au angalau na wengi wao. Hatuoni njia nyingine ya kulifuta komeo lile kwenye kumbukumbu za watu.

Na kwa Baraza la Mji Mkoani tuna ombi moja la mwaka huu. Kikao kimoja cha madiwani kitoke Mkoani mjini kije Kengeja, kifanyike katika ukumbi wa skuli siku ambayo wavuvi na wakulima wanaweza kuhudhuria. Mapato na matumizi ya mwaka yasomwe kwa sauti, shilingi za leseni na za soko, ruzuku iliyopokelewa na iliyocheleweshwa, mitaro iliyozibuliwa na ile iliyobaki, kisha karatasi yenyewe ibandikwe mlangoni kwa sheha na mlangoni mwa soko, ikae hapo mpaka masika. Mwenye swali asimame aulize, ajibiwe na mkurugenzi mwenyewe, na karani aandike swali na jibu lake.